Wanaoufuata Moshi

Busiu iko kando ya barabara itokayo Tororo, kilomita chache kabla ya kufika Mbale, na aliyekulia pande hizi anaujua moshi tangu utotoni. Malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayoshushwa kutoka Mlima Elgon, hukaushwa kwa moshi kabla ya kupikwa kwa karanga. Mama aliyezoea jiko la kuni hutambua kwa pua tu, akiwa uani, kama kuni ni mbichi, kama mafuta yameanza kuungua, au kama kuna kitambaa kilichoangukia mafigani. Hachungulii kwanza ndipo aamue akimbie au aendelee kuchambua mboga.

Ustadi ninaotaka kuusifu unaanzia puani vivyo hivyo, lakini unafanyika zaidi ya mita 10,000 angani, mahali ambapo dirisha halifunguki na hakuna uani pa kukimbilia. Ni ustadi wa wahudumu wa ndege pale moshi unapozuka safarini.

Vijana wengi wa upande huu wamekwenda kufanya kazi Ghuba, na kwa wengi wao ndege ya kwanza kupanda maishani ilikuwa ile iliyowatoa Entebbe kwenda Dubai au Doha. Wakipiga simu nyumbani husimulia chakula, baridi ya ndani, mawingu yaliyokuwa chini yao, na unadhifu wa wahudumu. Sijamsikia hata mmoja akisimulia kwamba yule aliyemletea juisi amefunzwa kuzima moto. Halionekani jambo hilo, na siku njema halipaswi kuonekana, lakini linastahili kuelezwa na watu walijue.

Sheria za usafiri wa anga hazipangi idadi ya wahudumu kwa kuhesabu sahani. Kanuni inayofuatwa sehemu kubwa ya dunia ni mhudumu 1 kwa kila viti 50 au sehemu yake. Ndege za CRJ900 ambazo Uganda Airlines ilianza nazo safari Agosti 2019 zina viti 76, kwa hiyo wahudumu hawawezi kupungua wawili. Airbus A330-800 yake, yenye viti 258, inataka wasiopungua sita. Wanaohesabiwa hapo ni watu wa kufungua milango, kushika mitungi ya kuzimia moto na kuwatoa abiria nje. Chai ni nyongeza.

Moshi ni habari tu. Moto wenyewe huenda umejificha nyuma ya ukuta wa plastiki, chini ya sakafu, ndani ya oveni, au ndani ya mkoba wa mtu aliyelala. Mhudumu mzuri husoma habari hiyo kabla hajagusa chochote. Waya unaoungua una ukali unaochoma koo. Mkate uliosahaulika kwenye oveni hunuka mkate, na huo ndio moshi wa kawaida zaidi. Dawa yake ni kukata umeme na kuacha mlango wa oveni umefungwa mpaka moto ukose hewa. Betri ya simu inayoharibika hutoa harufu ya kemikali yenye utamu fulani, ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Halafu iko ile ya oili. Katika ndege nyingi za jeti, hewa wanayopumua abiria huchukuliwa kwenye injini kabla haijachanganyika na mafuta, ikapozwa, ndipo ikasambazwa. Oili ikivuja mahali isipotakiwa, harufu nzito ya uvundo hutoka kwenye matundu yote ya hewa kwa wakati mmoja, mbele na nyuma.

Februari 2024 ndege ya Air Tanzania aina ya Airbus A220, ikiwa kwenye safari ya kati ya Dar es Salaam na Mbeya, ilipata hitilafu ya injini na moshi ukaingia ndani walimokaa abiria. Marubani waliirudisha ikatua salama Dar es Salaam. Moshi unaoletwa na injini namna hiyo haumpi mhudumu moto wa kuzima: chanzo kiko nje, chini ya bawa, na dawa yake wanayo marubani, ambao hufunga njia ya hewa inayotoka kwenye injini yenye kasoro. Hewa ya kabini hubadilishwa yote kila dakika 2 au 3, kwa hiyo chanzo kikishafungwa moshi hupungua haraka. Mhudumu anayetambua mapema kwamba moshi ni wa aina hii hatapoteza muda kupekua kabati za mizigo kutafuta moto usiokuwemo.

Lakini moto ukiwamo, kazi hugawanywa mara tatu, na hakuna kikao. Aliyeuona moshi wa kwanza ndiye mzimaji; hamngoji mkuu wake. Wa pili huchukua simu ya ndani na kusema na marubani, na haiachi simu hiyo. Wa tatu humlisha mzimaji: analeta mitungi mingine, anasogeza abiria, anaziondoa chupa za oksijeni zilizo karibu na moto. Kwenye ndege ndogo yenye wahudumu wawili kazi zinabaki tatu zilezile, na mmoja wao anabeba mbili. Haya hurudiwa katika vituo vya mafunzo, Nairobi na Addis Ababa na kwingineko, mwaka baada ya mwaka, hata kwa mtu aliyeruka miaka ishirini bila kuona moto. Wanavaa kofia ya moshi, ile inayofunika kichwa chote na kumpa mtu oksijeni ya dakika kama 15, kisha wanajifunza kuongea wakiwa ndani yake, kwa sababu sauti hubadilika na masikio huziba.

Mtazame mzimaji akifika kwenye mlango wa choo unaotoa moshi. Haushiki ovyo. Anaupapasa kwa mgongo wa mkono, kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu ngozi ya hapo ina hisi kali, na kiganja akikiunguza hataweza kufanya kazi iliyobaki. Mlango ukiwa wa moto hafungui wote. Anauachia upenyo wa kutosha mdomo wa mtungi tu, anapuliza, anaufunga tena, anasubiri. Mtungi mdogo wa haloni, gesi ya kuzimia moto, huisha kwa muda wa kama sekunde 10, hivyo hakuna nafasi ya kulenga moshi; lazima kulenga shina la moto. Silika ya mtu yeyote mbele ya mlango ule ni kuufungua aone kuna nini. Kuuacha umefungwa, ukijua kuna moto nyuma yake na watu nyuma yako, ni jambo ambalo halimjii mtu bila kufundishwa kwa muda mrefu.

Mtu atadhani shujaa hapa ni mzimaji. Mimi kadiri ninavyoifikiria kazi hii ndivyo ninavyozidi kumstahi yule wa pili, mwenye simu. Marubani wako nyuma ya mlango uliofungwa imara. Wameshavaa barakoa zao za oksijeni, zilizotengenezwa zivalike kwa mkono mmoja ndani ya sekunde 5, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kuinuka kwenda kuangalia. Wanachokijua juu ya moto ule ni maneno ya mtu mmoja. Kwa hiyo maneno hayo yana mpangilio: moshi uko wapi, una rangi gani, unanukaje, ni mzito kiasi gani, unaongezeka au unapungua, kimefanyika nini mpaka sasa, abiria wakoje. “Moshi wa kijivu, kabati ya juu, safu ya 14 kushoto, harufu ya plastiki, unaongezeka, mtungi wa kwanza umeisha, abiria tumewasogeza mbele.” Kwa kauli moja kama hiyo kapteni anaiona kabini yote bila kugeuza shingo. Mwenye simu hasemi “nadhani ni simu ya mtu” kama simu hajaiona. Hapunguzi ukubwa wa jambo ili awatulize marubani, wala haongezi kwa sababu moyo wake unaenda mbio.

Utaratibu huo umelipiwa kwa roho za watu. Tarehe 2 Juni 1983 ndege ya DC-9 ya Air Canada, ikitoka Dallas kwenda Toronto, ilishika moto upande wa choo cha nyuma. Wahudumu waliona moshi bila kuona moto. Kwa dakika kadhaa habari zilizomfikia kapteni zilimwambia kwamba moshi unaelekea kupungua. Hakuna aliyesema uongo. Moshi ulipungua machoni pao kweli, huku moto ukitambaa nyuma ya kuta. Wahudumu wale walifanya mengi ambayo mpaka leo yanafundishwa: waliwahamishia abiria mbele, waliwagawia taulo zilizolowanishwa wazibe pua na mdomo, na waliwaonyesha baadhi yao jinsi ya kufungua milango ya dharura. Ndege ilitua Cincinnati. Milango ilipofunguka hewa mpya ikaingia, na katika sekunde 60 hadi 90 kabini nzima ikawaka. Watu 23 kati ya 46 hawakutoka. Ving'amua moshi vilivyomo vyooni leo, mtungi unaojifyatua wenyewe ndani ya pipa la taka la choo, na taa za sakafuni zinazoonyesha njia gizani vilienea baada ya ajali hiyo.

Tuilete hatari hiyo juu ya mapaa yetu. Tuseme ndege ya abiria inapita usiku juu ya Busiu, na mwenye simu anasema moshi unaongezeka. Mtu wa hapa atawaza Entebbe. Lakini Entebbe ni zaidi ya kilomita 200, na Eldoret, ng'ambo ya mpaka, ni kama 130. Eldoret ina njia ya kurukia yenye urefu wa kilomita 3.5, inayotosha ndege kubwa. Ila uwanja wenyewe uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea huko Elgon inakuwa kushoto kwako na kilele chake cha mita 4,321, kwa hiyo huwezi kushuka ovyo gizani. Kapteni anapaswa kuyapima hayo yote, pamoja na hali ya hewa na mafuta yaliyomo tankini, huku akiongea na waongoza ndege wa nchi mbili kupitia barakoa.

Ana muda gani? Bodi ya Kanada iliyochunguza ajali ya Swissair 111 ilipitia mioto 15 iliyotokea angani kati ya 1967 na 1998, ikakuta kwamba tangu moto ulipogunduliwa hadi ndege kuanguka au kulazimika kushuka popote zilipita dakika 5 kwa ile ya haraka kabisa na 35 kwa ile iliyochelewa. Swissair yenyewe, tarehe 2 Septemba 1998, ilipata kama dakika 21 tangu marubani waliponusa harufu ngeni hadi ilipoangukia baharini karibu na Nova Scotia, na watu wote 229 wakafa. Jeti inayokwenda kasi ya safari humaliza zaidi ya kilomita 12 kwa dakika. Dakika 3 za maelezo yaliyovurugika, za kuulizana “umesema safu ya ngapi?”, ni karibu theluthi ya njia ya kutoka hapa hadi Eldoret.

Siku hizi abiria wenyewe wanapanda na moto mifukoni. Simu, kompyuta, pawabenki: kila moja ina betri ya lithiamu, na kijana anayeondoka Entebbe kwa miaka miwili ya kazi huwa nazo zaidi ya moja. Betri hiyo ikipondwa, au ikiwa mbovu tangu kiwandani, chumba chake kimoja hupata joto, joto likakiwasha cha pili, cha pili kikakiwasha cha tatu. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua uwanjani huko Korea Kusini kabla ya kuruka, moto ukiwa umeanzia kwenye kabati ya juu. Watu wote 176 walitoka. Kuanzia Oktoba mwaka huohuo Emirates, inayobeba wasafiri wengi kutoka Entebbe, ilikataza kutumia pawabenki ndani ya ndege: unabeba moja, huichaji wala huchajii kitu kwayo, na huiweki kabati ya juu. Wako wanaoona ni usumbufu. Sababu ni kwamba mhudumu anaweza kuufikia haraka moto ulio mfuko wa kiti au chini ya miguu yako, na ule wa kabatini unakuwa mkubwa kabla hajajua upo.

Namna wanavyoushughulikia moto wa betri inanivutia kuliko sehemu nyingine zote za kazi hii. Haloni huondoa ndimi za moto, lakini haiondoi joto, na joto ndilo linaloamsha chumba kinachofuata. Kwa hiyo moto ukishazimika mhudumu huanza kumwagia simu ile maji, chupa baada ya chupa, na maji yakiisha, soda na juisi, kinywaji chochote kisicho na kileo. Hatumii barafu, wala hafuniki kwa blanketi, kwa sababu vyote viwili hufungia joto ndani. Hairuhusu simu iliyoanguka kwenye kiti itafutwe kwa kukisogeza kiti, maana vyuma vya kiti vinaweza kuiponda betri. Ndiyo sababu wanakusihi uwaite na wewe usiguse kitu. Kisha, na hapa ndipo uvumilivu unapohitajika, mmoja wao huwekwa kuilinda. Simu imelala ndani ya chombo chenye maji, haitoi chochote, na mtu amekaa akiitazama mpaka magurudumu yaguse ardhi, kwa sababu betri iliyonyamaza huweza kuwaka tena.

Wakati huohuo abiria wanataka barakoa. Wamezionyeshwa kabla ya kuondoka, wanajua ziko darini, na moshi unawaingia kooni. Mhudumu lazima awakatalie. Barakoa zile ni za siku kabini inapopoteza shinikizo la hewa. Huchanganya oksijeni na hewa iliyomo ndani, kwa hiyo anayeivaa anaendelea kuvuta moshi uleule, na oksijeni inayotoka huupa moto nguvu. Kumnyima mtu mwenye hofu kitu anachoamini ni uhai wake, na kumfanya akubali badala yake kitambaa kibichi na amri ya kuinama, kunahitaji sauti ya namna ya pekee. Hewa safi hubaki chini, karibu na sakafu. “Inameni! Zibeni pua! Pumueni taratibu!” Maneno ni machache na hayabadiliki, kwa kuwa mtu aliyeshikwa na hofu husikia neno moja kati ya matano.

Kutua hakumalizi kazi. Tarehe 19 Agosti 1980 ndege ya Saudia yenye moto nyuma ilitua Riyadh ikiwa nzima, lakini ikaendelea kutembea badala ya kusimama papo hapo, na milango ikachelewa mno kufunguliwa. Watu wote 301 walikufa ndani ya ndege iliyokwisha kufika chini. Afrika Mashariki ina msiba wake wa uwanjani: Aprili 1972, Super VC10 ya East African Airways, iliyosajiliwa Uganda kwa herufi 5X-UVA, ilikatisha kuruka Addis Ababa, ikatoka nje ya njia yake na kuwaka moto, na watu 43 kati ya 107 walikufa.

Kinyume chake ni Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Airbus A350 ya Japan Airlines iligonga ndege ya walinzi wa pwani ilipokuwa ikitua, na watano kati ya watu sita wa ndege ile ndogo wakafa. A350 ilisimama ikiwaka. Ndani mlikuwa na abiria 367, marubani 3 na wahudumu 9. Vipaza sauti vilikuwa vimekufa. Wahudumu walichungulia madirisha kuona upande upi hauna moto, na kati ya milango 8 wakatumia 3 tu. Huo ni uamuzi mgumu, kukaa mbele ya mlango wako ukiwa umefungwa huku watu wanakusukuma, kwa sababu umeona nje yake kuna moto. Walipaza sauti zao wenyewe, na abiria wakaacha mizigo yao. Kapteni alikuwa wa mwisho kushuka, dakika kama 18 baada ya ndege kusimama, na wote 379 walitoka hai.

Moshi ukishaisha kuna fundi anayesubiri. Ukiifuata barabara ya Busiu kupita Mbale na kuendelea kaskazini, kilomita mia na zaidi, utafika Soroti, kwenye chuo cha usafiri wa anga kilichoanzishwa 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachofundisha marubani na mafundi wa ndege. Mafundi wa aina hiyo ndio wanaoingia ndege ikiwa tupu. Julai 2013 Boeing 787 ya Ethiopian Airlines iliwaka ikiwa imeegeshwa Heathrow bila mtu ndani; wachunguzi walilazimika kuanza na paa lililoungua, wakarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye betri ndogo ya kifaa cha kutoa ishara ya dharura, ambacho nyaya zake zilikuwa zimebanwa vibaya. Hapakuwa na pua ya kuwasaidia. Ndege iliyokuwa na wahudumu huja na karatasi: saa, safu, upande, rangi, harufu, mitungi mingapi ilitumika na ni wakati gani moshi ulianza kupungua. Mhudumu huiandika siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijaanza kujaza mapengo. Fundi mwenye karatasi hiyo hafumui dari nzima. Anaanzia safu ya 14, kushoto.